Mgonjwa anapoomba afe

Wiki hii naleta swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini, tena baada ya kuhakikisha watoto hawapo karibu. Mgonjwa ana saratani isiyoponyeka, analia usiku kucha na anaomba afe. Je, si huruma kumsaidia apumzike?

Kisheria jibu ni fupi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu aliyeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyemuua, hata kama ugonjwa ule ungemuua. Kumsaidia mtu ajiue kunaweza kukupeleka jela maisha. Uholanzi na Ubelgiji walianza kuruhusu kifo cha huruma kwa sheria mwaka 2002, Kanada mwaka 2016, kwa masharti marefu. Kwetu hapana.

Lakini sheria haimalizi swali, maana anayeuliza bado ana mgonjwa ndani.

Nina wasiwasi mmoja wa huku kwetu. Kanda ya Ziwa tunajua habari za vikongwe kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka yote. Mahali ambapo bibi anaweza kuitwa mchawi huku wanaomtuhumu wakilitazama shamba lake, siwezi kukubali kirahisi ndugu wakae waamue kwamba mzee ameishi vya kutosha. Nani atajua kama ni huruma, au ni mirathi, au ni uchovu tu wa kuuguza?

Hata hivyo, usimkemee mgonjwa anayeomba kufa. Msikilize. Mara nyingi anachotaka ni maumivu yaishe, au ana sonona, au anaona amekuwa mzigo. Hayo yana msaada.

Kwa maumivu makali kuna mofini ya maji, ya kunywa, kila baada ya saa nne, dozi ikipandishwa taratibu na mtaalamu mpaka mgonjwa atulie. Familia nyingi huiogopa wakidhani ni dawa ya kummalizia mtu. Si kweli. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimuui mgonjwa, wala haimgeuzi kuwa teja. Inafunga choo, ndiyo, kwa hiyo omba pamoja na dawa ya kulainisha.

Majirani zetu Uganda walianza mapema. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi ile ikawaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuandika mofini. Sisi tuna Ocean Road jijini Dar es Salaam, na Bugando Mwanza wanatibu saratani. Ila kutoka Ibadakuli hadi Bugando ni zaidi ya kilomita 150. Piga hesabu ya nauli ya mgonjwa na anayemsindikiza, kisha chupa ikiisha muanze upya. Kubishana kuhusu kifo cha huruma wakati mgonjwa wa saratani anatulizwa kwa panadol, kwangu mimi ni kuruka hatua.

Kuna jambo jingine linalochanganya familia. Kuacha tiba isiyosaidia tena na kumrudisha mgonjwa nyumbani afie kwake si kumuua. Hata Papa Pius XII, mwaka 1957, alisema hakuna wajibu wa kurefusha uhai kwa njia zisizo za kawaida, na kwamba dawa ya maumivu inaruhusiwa hata ikiweza kufupisha maisha, mradi lengo si kuua. Kumnyima uji mtu anayeweza kumeza ni habari nyingine kabisa.

Na watoto? Wanasikia kila kitu. Usimwambie mtoto wa miaka saba kwamba babu "atalala tu", ataogopa kulala. Mwambie babu anaumwa sana, madaktari hawawezi kumponya, lakini wanampa dawa asiumie. Mruhusu akae naye, amshike mkono.

Mkienda hospitali, ombeni tiba shufaa kwa jina hilo hilo. Na kabla hamjaondoka, mwulizeni muuguzi: maumivu yakizidi saa nane usiku, tumpigie nani?