Gazeti Lina Mwenyewe, Usilifanye Mufti Wako



Vijana wenzangu, kuna tabia tuiache. Mtu anapata picha ya ukurasa wa gazeti la Uingereza, anaitupa kwenye grupu la WhatsApp na kuandika: "Hata Wazungu wenyewe wamesema!" Wazungu gani? Gazeti la nani? Hapo hajibu mtu.

Magazeti ya Uingereza si kitu kimoja. Kila moja lina mwenyewe, lina upande na lina tabia yake. The Sun na The Times ni ya familia ya Rupert Murdoch. Daily Mail ni la ukoo wa Rothermere, na mwaka 1934 Lord Rothermere wa kwanza alilitumia kuwashangilia mafashisti wa Oswald Mosley, wale wa mashati meusi. Daily Telegraph ni la Conservative tangu zama. Daily Mirror ni la Labour. The Guardian, lililoanzishwa Manchester mwaka 1821, liko chini ya Scott Trust na linaegemea kushoto.

Sasa tazama tulivyofanyiwa. Novemba 2015, The Sun liliandika ukurasa wa mbele ati Muislamu mmoja kati ya watano Uingereza anawahurumia wanajihadi. Uongo! Swali la utafiti halikutaja jihadi wala ISIS. Liliuliza kuhusu vijana wanaokwenda kujiunga na wapiganaji Syria, bila kusema wapiganaji gani.

Agosti 2018, Boris Johnson aliandika kwenye safu yake ya Daily Telegraph kuwa dada zetu wanaovaa burqa wanafanana na masanduku ya posta. Mwaka haukupita, akawa Waziri Mkuu. Tusi lile halikumfungia hata mlango mmoja.

Na sisi Kenya hatukusalimika. Septemba 2013, watu 67 wameuawa Westgate, damu haijakauka, magazeti ya London yakajaa sura ya Samantha Lewthwaite, "Mjane Mweupe", kana kwamba yeye ndiye aliyeongoza shambulio. Washambuliaji wanne waliotambuliwa wote walikuwa wanaume. Msiba wetu ukageuzwa hadithi ya Muingereza mmoja.

Lakini tusidanganyane. Wapo watakaosema: basi tusome Guardian, hao ni wenzetu. La! Mwaka 2003 The Observer, wakati huo gazeti dada la Guardian, liliunga mkono vita vya Iraq. Mirror, gazeti la udaku tunalolidharau, ndilo lililovipinga. Naye Murdoch? The Sun lilikuwa na Conservative 1992, likahamia Labour 1997, likarudi Conservative 2009, na 2024 likaenda Labour tena. Huyo hana chama, ana hesabu. Aliye upande wako leo, kesho humjui.

Basi tufanyeje? Kutukana hakusaidii, kususia kimya kimya pia hakusaidii. Ile habari ya The Sun ilipata malalamiko zaidi ya 3,000. Jumuiya ya Waislamu ya MEND ikaandika shtaka, hoja kwa hoja, ikalipeleka IPSO, shirika linalosimamia maadili ya magazeti kule. Machi 2016 IPSO ikaamua kuwa habari ilipotosha, na The Sun likalazimika kuchapisha uamuzi huo. Ni haki ndogo iliyochelewa miezi minne, lakini ilipatikana kwa kalamu na ushahidi.

Mlango kama huo sisi pia tunao. Kifungu cha 35 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kusahihishwa au kufutwa habari za uongo zinazomhusu. Baraza la Vyombo vya Habari lina Tume ya Malalamiko. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuiandikia? Gazeti likituita magaidi, sote tunapiga kelele kwenye simu siku mbili, ya tatu tumesahau.

Suratul Hujurat imeshatufunza kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo inatuhusu sisi tunaosambaza pia. Kabla ya kubonyeza, uliza: gazeti hili la nani, na linataka nini? Likikudhulumu, hifadhi ukurasa, andika tarehe, peleka malalamiko.

Wabillahi tawfiq.