Santuri Ndogo na Haki za Watunzi Wetu

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu, hasa kwa vijana, kwamba muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 ulirekodiwa vibaya: sauti imefifia, besi haisikiki, mwimbaji yu mbali kana kwamba anaimba akiwa chumba cha pili. Dhana hiyo si ya kweli. Kilichoharibika si kurekodiwa kwa muziki huo bali kunakiliwa kwake. Wimbo ulitolewa kwenye santuri, ukanakiliwa kwenye kaseti, kaseti ikazaa kaseti, na ya mwisho ndiyo iliyopandishwa mtandaoni, nayo ikabanwa ili isile bando. Tunachokilaumu ni kizazi cha nne au cha tano cha nakala. Mzazi wake wengi wetu hatujapata kumsikia.

Mzazi huyo ni santuri ndogo ya inchi 7, izungukayo mara 45 kwa dakika. Wakusanyaji wengi huipita wakitafuta LP, ile santuri kubwa ya inchi 12, kwa kuwa ina jalada zuri na nyimbo nyingi. Kwa upande wa sauti, aghalabu wanajipunja. Katika umbali uleule kutoka katikati, mfereji wa santuri ya mizunguko 45 hupita chini ya sindano kwa kasi inayozidi ile ya LP kwa asilimia 35, hivyo sauti nyembamba, kama za matoazi na nyuzi za juu za gitaa, hupata nafasi pana zaidi ya kuchorwa. Isitoshe, LP ikibebeshwa dakika 20 na zaidi kila upande, mifereji hubanana, na fundi hulazimika kupunguza ukubwa wa sauti na uzito wa besi ili mifereji isiingiliane. Santuri ndogo hubeba dakika nne au tano tu. Ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi zilikatwa vipande viwili: upande mmoja mashairi, upande wa pili chemko. Wapo wanaouona ukataji huo kuwa kasoro. Masikioni ulikuwa neema.

Sidai kwamba kila santuri ni johari. Zipo zilizotobolewa kando kidogo ya kitovu, sauti ikawa inayumba, na zipo zilizochakazwa kwa sindano butu baa baada ya baa. Lakini nimewahi kuwasikilizisha wanafunzi wangu wimbo mmoja wa Simba Wanyika, bendi iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1971 na ndugu wa ukoo wa Kinyonga waliotoka Tanga, kwanza kutoka kwenye simu iliyounganishwa na spika, kisha kutoka kwenye santuri iliyosafishwa kupitia spika ileile. Waliamini ni rekodi mbili tofauti. Mmoja aliuliza iwapo mpiga besi alikuwapo katika ile ya kwanza.

Sasa niingie katika siasa yake, maana ipo. Bendi za Tanzania zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda, kwa ajili ya matangazo. Santuri za kuuza zilipigwa chapa Nairobi, na baadhi ya wanamuziki walisafiri hadi huko kurekodi. Maana yake ni kwamba zipo nyimbo za Watanzania ambazo hazimo kabisa katika kanda za RTD. Mjadala wetu wote kuhusu urithi wa muziki, hata hivyo, umekuwa mjadala wa kanda hizo, ambazo leo ziko chini ya TBC. Ni mjadala halali, ila ni nusu ya shauri. Nusu nyingine imo katika makabati ya watu, masandukuni, na kwa wauza vitu vya mitumba. Baadhi imekwisha kuvuka bahari na kurudi kwetu kama bidhaa: kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ina mfululizo wa Zanzibara, na Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special mwaka 2013. Sina ugomvi nao. Walifanya kazi ambayo taasisi zetu hazikuifanya.

Ugomvi wangu ni wa nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Aliyefariki mwaka 1985, warithi wake wana haki hadi 2035. Watathibitishaje? Ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri hutaja wimbo, bendi, kampuni, namba ya toleo na, mara nyingi, jina la mtunzi. Huenda jina hilo liliandikwa kimakosa, tena wakati mwingine kwa hila, lakini ni maandishi ya wakati ule, na mjane anaweza kuanza nayo madai yake. Nakala za mtandaoni hazina karatasi hiyo. Nyingine hata jina la bendi zimelikosea.

Katika taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nilikuta santuri zimeorodheshwa pamoja na viti vilivyovunjika, zikisubiri kuondoshwa kama mali chakavu. Afisa aliyeandika orodha hiyo hakuwa mtu mbaya. Fomu yake haikuwa na safu nyingine ya kuziweka.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, basi: kabla ya kutia saini orodha ya namna hiyo, ziondoeni santuri humo. Zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua, kwani joto huzipinda. Zisisikilizwe kwa sindano ya zamani. Kila lebo ipigwe picha, pande zote mbili. Kisha sauti ihamishiwe kwenye kompyuta katika faili lisilobanwa, na nakala moja ipelekwe maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu. Chuo kisicho na kinanda kizuri cha santuri kinunue kimoja. Gharama yake haizidi ile ya semina ya siku mbili hotelini.