AFYA YA JAMAA: Juu ya nini baba amekuwa mukali?

Wamama wengi wa kambi wanauliza neno moja: «Bwana yangu anafanyaka poste ya usiku katika shimo. Zamani alikuwa anacheka na watoto. Sasa anakasirika bure. Wamemuloga?»

Mama, kabla ya kutafuta mulozi, uangalie kwanza jua. Mwanga ukiingia machoni unaambia ubongo: kumekucha. Hapo ubongo unapunguza melatonini, ile inayoambia mwili kwamba ni usiku. Basi mutu anayetoka shimoni saa kumi na mbili ya asubuhi anakutana na jua wakati anataka kulala. Analala nusu-nusu, mwezi muzima, na hasira inazaliwa humo. Uchawi hauko.

Umusaidie hivi. Ufunike dirisha kwa kitambaa kizito, watoto wachezee mbali. Akiamuka, asibaki ndani: atembee nje nusu saa, hata kukiwa mawingu, maana mwanga wa nje unapita sana ule wa ampulu. Mwanga na kutembea vinasaidia serotonini, inayotuliza moyo. Ubongo unaitengeneza kwa kitu kinachoitwa triptofani, kilicho katika maharagi, karanga, mayai na samaki. Katika bukari ya mahindi ni kidogo tu. (Lakini sahani moja ya kapenta haiponyeshi huzuni, tusidanganyane.) Na lutuku? Inalalisha upesi, kisha inakatakata usingizi.

Huzuni ikipita majuma mawili, aende hospitali. Akisema hataki tena kuishi, musingoje kesho: mumupeleke siku ileile, na asibaki peke yake.