Kubadilisha x na y hakutoshi



Kila mara tunapopewa fonksio ya digrii ya kwanza na kuombwa resiproki yake, darasa lote linaimba wimbo mmoja: "Weka x pahali pa y, weka y pahali pa x!" Ukiuliza juu ya nini, wenzako wanacheka: "Shika tu vile, utapata pointi." Mimi ninasema desturi hiyo inatupoteza.

Tuchukue mfano. Tuseme mwenye gari analipisha franka 2000 za kupakiza, na tena franka 500 kwa kila kilo. Kwa kilo x utalipa y = 500x + 2000. Kilo 20 zitakula franka 12000. Vizuri. Lakini mama yako hana swali hilo. Yeye ana franka 12000 mkononi, anataka kujua atatuma kilo ngapi. Resiproki ni hiyo: kutoka kwenye feza na kurudi kwenye kilo.

Na kurudi kuna utaratibu wake. Ukitia unga ndani ya mfuko, kisha ukaufunga kamba, utatoa unga mbele ya kufungua kamba? Hapana. Kazi ya mwisho ndiyo inafunguliwa kwanza. Basi toa 2000, inabaki 10000. Kisha gawanya kwa 500, ni kilo 20. Anayegawanya kwanza anapata 24. Akitoa 2000 anaanguka 1976 chini ya sifuri. Ni mzigo gani huo?

Kwa hiyo x = (y − 2000) / 500. Herufi tunazibadilisha mwisho, kwa desturi ya kuandika tu: f⁻¹(x) = (x − 2000) / 500. Na ile −1 ya juu si "1 gawanya kwa f". Ni alama ya kurudi.

Kama mwenye gari analipisha franka 5000 kwa mzigo wowote, je? Ukisikia alilipwa 5000, huwezi kujua kilo. Njia ya kurudi haiko. Ndiyo sababu katika y = ax + b, a isiwe sifuri.

Walimu wetu wapenzi, tunawaomba mtuulize "juu ya nini" hata siku ya ekzame. Na sisi wanafunzi, turudishe kila jibu ndani ya fonksio ya kwanza: 20 ikitoa 12000, tumefika. Anayejua kwenda bila kujua kurudi, wengine watamhesabia feza zake.

Mwenzenu wa seksio ya Sayansi