Jukwaa Halina Kosa, Aibu ni ya Nyumbani

Kila mchezo mdogo wa kuigiza unapogusa ugomvi wa mume na mke, baba mlevi au binti aliyefukuzwa nyumbani kwa kupata mimba, hawakosekani watu wazima wa kung'aka. Husema kwamba vijana wanaoigiza katika kumbi za mitaa ya Eastlands, Nairobi, wamekosa haya, na kwamba siri ya nyumba haianikwi hadharani. Kwa maoni yangu, lawama hizo zinamwangukia asiyestahili.

Kwanza, tujiulize siri hiyo imefichwa wapi. Serikali ya kikoloni ilipojenga makao ya Waafrika upande huo wa jiji, aghalabu ilimfikiria kibarua mwanamume aliyemwacha mkewe mashambani. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya familia, ilikwenda kinyume cha fikira hiyo. Kwingineko, vyumba vilivyokusudiwa mtu mmoja vikaja kulea vizazi. Hadi leo wapo wanaolala, kupika, kudurusu na kuteta katika chumba kimoja, na ukuta hauzuii sauti. Siri ya mtungi aijuaye ni kata; katika ploti zetu hata jirani wa tatu anaijua. Basi mwigizaji amefichua nini? Amesema tu yale tuliyoyasikia usiku, kisha asubuhi tukaamkiana kana kwamba hatukusikia.

Pili, michezo hii si uzushi wa vijana wa leo. Ari Katini Mwachofi alichapisha Mama Ee mwaka wa 1987, tamthilia inayohoji dhuluma anazotendewa mwanamke katika ndoa. Mwaka wa 1997 Kithaka wa Mberia alitoa Natala, ambamo mwanamke anayeambiwa kuwa mumewe amefariki anakataa kurithiwa na shemejiye. Wala fadhaa hii si ya Afrika pekee. Mwaka wa 1879, Henrik Ibsen wa Norway aliandika mchezo ambao mwishoni mke anamwacha mume na watoto. Huko Ujerumani mwigizaji mmoja mashuhuri alikataa mwisho huo, na Ibsen akalazimika kuandika mwingine ambao mke anabaki.

Tuna desturi ya kuikemea serikali inapolifunga jukwaa. Mwaka wa 1977 Ngaahika Ndeenda ilipigwa marufuku huko Kamirithu, na ukumbi wenyewe ukabomolewa mwaka wa 1982. Aprili 2025, polisi waliporusha gesi ya kutoa machozi huko Nakuru kwa sababu ya Echoes of War, mchezo wa wasichana wa Butere, wengi wetu tulighadhabika. Tulifanya vyema. Iweje basi sisi wenyewe tugeuke wakaguzi pindi kidole kinapoelekezwa nyumbani kwetu?

Sisemi kwamba kila mchezo ni mwema. Ipo inayomdhihaki mke aliyepigwa ili tiketi zinunuliwe. Mume anaingia akiyumba kwa pombe, ukumbi unaangua kicheko, mchezo unakwisha na mkosaji hajaulizwa lolote. Utovu wa haya ni huo, na waandishi wetu wauepuke. Mchezo unaochokoza uwachokoze wenye nguvu ndani ya nyumba, usiwacheke wanyonge.

Serikali ya Kaunti, iliyorithi kumbi za mitaa kutoka kwa Baraza la Jiji, na ivifungulie vikundi hivi milango kwa ada nafuu, ili mkazi wa Makongeni au Jericho asilazimike kupanda matatu hadi katikati ya jiji kutazama maisha yake mwenyewe. Wazee na viongozi wa dini nao waje, waketi mbele, na mchezo ukiisha wabaki kujadiliana na vijana.

Mficha uchi hazai. Nawe mwenzangu, ukikiona kisa chako jukwaani, usimkemee mwigizaji. Rudi nyumbani ukazungumze na mkeo.