Kivinjari kipimwe kwenye mashine ndogo

Na Hamisi Kibwana

Mwaka 2008 nilikuwa mteja wa kudumu wa intaneti kafe moja mjini Morogoro. Kijana aliyeisimamia alikuwa na desturi ambayo sikuielewa haraka. Kila mteja alipoinuka, kabla hajamkaribisha anayefuata, alifunga kivinjari chote na kukifungua upya. Nilidhani anafuta nyendo za aliyetoka. Siku nilipomuuliza alinijibu kwa neno moja: RAM. Kompyuta zake zilikuwa na MB 256 za kumbukumbu hiyo kila moja, na humo humo Windows ilijichukulia fungu lake; kivinjari kikiachwa wazi tangu asubuhi, ikifika saa nane mchana mashine inaganda hata kwa kuandika anwani tu. Mteja aliyelipia nusu saa alimaliza dakika kumi akitazama saa ya mchanga kwenye kioo. Akidai arudishiwe pesa yake ana haki. Kijana akikataa naye ana haki, maana umeme na malipo ya mtandao havikumsubiri mtu.

Namkumbuka kijana yule kila linapotangazwa toleo jipya la beta la kivinjari. Siku hizi hayaishi. Chrome na Firefox hutoa toleo jipya kila baada ya wiki chache, na kila toleo hupita kwanza kwenye beta, yaani hukabidhiwa kwa wanaojitolea kulijaribu kabla halijawafikia watu wote. Swali linaloulizwa ni lile lile la miaka yote: linakula RAM kiasi gani? Kisha anatokea mtu mwenye kompyuta ya GB 32, anafungua kurasa tano, anatangaza kwamba toleo ni jepesi. Kipimo hicho hakimsaidii mwenye steshenari wa Mbagala, ambaye kompyuta yake ina GB 4 na iliingia nchini ikiwa imeshatumika kwingine kwa miaka.

Msimamo wangu ni huu: toleo la beta lipimwe kwanza kwenye mashine dhaifu kuliko zote ambazo watengenezaji wanasema wanazihudumia, na likishindwa hapo, lisitoke. Najua nitajibiwa kwamba kurasa za leo ni nzito, na kwamba dawa ni mtu kuongeza RAM. Kwa ajili ya jibu hilo naomba turudi mwaka ule ule wa 2008, si Morogoro tena, bali kwa wahandisi wa Mozilla, waliokuwa wakiiandaa Firefox 3.

Firefox ilikuwa na lawama nzito. Watumiaji walilalamika kwamba kadiri unavyoitumia ndivyo inavyovimba, na ukifunga kurasa haipungui. Februari 2006 Ben Goodger, mmoja wa wahandisi wake wakuu, alikuwa ameandika kuwajibu. Alieleza kwamba mengi ya yale waliyoyaita uvujaji wa kumbukumbu yaliwekwa kwa makusudi: kivinjari kilihifadhi kurasa ulizotoka kuzisoma, hadi 8 kutegemea RAM ya mashine, ili ukirudi nyuma ukurasa utokee papo hapo. Alisema kweli. Lakini maelezo ya kweli hayaigandui mashine iliyoganda, na lawama ziliendelea hata baada ya Firefox 2 kutoka Oktoba mwaka huo.

Walioandaa Firefox 3 waliacha kujitetea wakaenda kutafuta RAM inakwendaje. Beta ya kwanza ilitoka Novemba 2007, ya nne ikatoka Machi 2008, na mwezi huo mhandisi Stuart Parmenter akaeleza hadharani walichokikuta na walichokifanya. Nayakumbuka maelezo yale kwa sababu yalinifundisha kwamba neno moja, "RAM imejaa", linaficha magonjwa kadhaa tofauti.

Ugonjwa wa kwanza ni kuvunjikavunjika kwa nafasi. Chukua basi la Dar es Salaam kwenda Tanga. Abiria wameshuka mmoja mmoja, huyu Chalinze, yule Mkata, mwingine Segera. Viti kumi vi wazi, ila kila kimoja kiko mstari wake. Njiani anapanda baba na watoto watatu, na hataki kutengana nao. Ukihesabu viti, nafasi ipo. Ukitaka kuwakalisha, haipo. Kivinjari hufanya hivyo maelfu ya mara kwa kila ukurasa: kinaomba vipande vidogo vya kumbukumbu, kinaviachia, vinabaki vipengo, na ukurasa mpya unapotaka kipande kikubwa, kinaomba nafasi nyingine kwa mfumo wa kompyuta huku kimekumbatia vipengo visivyotosha. Hivyo ndivyo kilivyoweza kuvimba bila kuvuja tone. Dawa waliyoileta kwa Windows na Linux ilikuwa jemalloc, programu ya kugawa kumbukumbu aliyoiandika Jason Evans kwa ajili ya mfumo wa FreeBSD. Inawapanga abiria kwa ukubwa wao, wadogo pamoja na wakubwa pamoja, ili anayeshuka aache nafasi inayomtosha anayepanda.

Ugonjwa wa pili unaweza kuueleza mjumbe yeyote wa nyumba kumi. Kwenye daftari lake Juma ameandikwa kuwa ni mgeni wa Ali, na Ali ameandikwa kuwa ni mgeni wa Juma. Wote wawili walishahama zamani, lakini hakuna anayefutwa, kwa kuwa kila mmoja ana mwenyeji. Ndani ya kivinjari vipande viwili vya programu hushikana hivyo hivyo: kila kimoja kinaonekana bado kinahitajika kwa sababu mwenzake anakishikilia, na ukurasa vilikotoka ulishafungwa asubuhi. Huo sasa ndio uvujaji wenyewe. Firefox 3 ilipewa utaratibu wa kupita kila baada ya muda na kuuliza swali ambalo daftari haliulizi: tukiwaondoa hawa wawili kwa pamoja, yuko yeyote nje atakayewatafuta? Kama hayupo, wote wanafutwa. Faida kubwa ni kwamba hata viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, vilivyoandikwa ovyo na watu wa nje vilianza kusafishwa nyuma ya migongo yao.

Zilikuwapo picha pia. Picha ya JPEG husafiri ikiwa imebanwa, labda MB 2. Ili ionekane kwenye kioo lazima ikunjuliwe nukta kwa nukta, na nukta moja kwa kawaida huchukua baiti 4. Picha ya nukta 3,000 kwa 2,000 ni nukta milioni 6, sawa na MB 24 za RAM. Kwenye zile kompyuta za Morogoro hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya kumbukumbu yote, kwa picha moja ya harusi. Firefox 3 iliacha kung'ang'ania picha iliyokunjuliwa ambayo hakuna anayeitazama. Ilibaki na ile iliyobanwa, ikaikunjua tena ilipohitajika.

Na zile kurasa zinazohifadhiwa, alizozitetea Goodger? Hazikuondolewa. Zilipewa ukomo wa nusu saa. Mtu aliyesoma ukurasa saa tatu asubuhi hahitaji utunzwe tayari hadi saa tisa alasiri.

Firefox 3 ilipotoka tarehe 17 Juni 2008 ilipakuliwa mara 8,002,530 katika saa 24, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Idadi hiyo ndiyo iliyotangazwa sana, nami sina ugomvi nayo. Kwangu kilicho kikubwa ni kwamba nafuu ya beta ile haikumtaka mtumiaji anunue kitu. Mashine ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni mwandishi wa programu, aliyekubali kwamba RAM ile si mali yake.

Uzito ulirudi, kama unavyorudi kila macho yakigeukia kwingine. Firefox 4 ilitoka Machi 2011 na malalamiko yakaja nayo. Mwaka huo huo mhandisi wa Mozilla, Nicholas Nethercote, alianzisha mradi uliopewa jina MemShrink, wenye kikao kila wiki, ambapo kasoro moja moja ya kumbukumbu ilipangwa kwa uzito wake na kupewa mtu. Firefox 7 ilipotoka Septemba 2011, Mozilla ilisema inatumia kumbukumbu pungufu kwa asilimia 20 hadi 30, na wakati mwingine hadi asilimia 50. Ilichukua miezi sita tu. Mtu akiniambia leo kwamba uzito wa kivinjari ni majaliwa, namkumbusha miezi hiyo sita.

Sitamdhulumu mtengenezaji. Zipo MB zinazotumika kwa sababu njema. Chrome ilipotoka Septemba 2008 iliuendesha ukurasa karibu kila mmoja peke yake, ili mmoja ukianguka usiiangushe mingine, na utengano huo una gharama yake. Mwaka 2018, baada ya udhaifu wa Spectre kugunduliwa ndani ya prosesa zenyewe, Chrome iliongeza utengano kati ya tovuti na tovuti, na Google ilisema wazi kwamba RAM inayotumika itapanda kwa asilimia 10 hadi 13. Hiyo nailipa bila kunung'unika. Kivinjari ndicho tunachoingilia benki, na ukuta wa nyumba hauhesabiwi kuwa ni upotevu wa matofali. Vilevile RAM iliyokaa bure haimsaidii mtu, kwa hiyo tarakimu kubwa kwenye mashine yenye nafasi si kosa. Kosa ni kivinjari kushindwa kujibana mashine inapokosa nafasi.

Hapo nafika kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Dawa inayosifiwa miaka hii ni kulaza vichupo, yaani kurasa ulizoziacha wazi. Firefox kwenye Windows inayo tangu 2021, Chrome iliileta mwishoni mwa 2022. Kichupo usichokigusa kwa muda kinaondolewa kwenye RAM, jina lake linabaki juu, na ukikirudia ukurasa unapakiwa upya. Kwa mwenye intaneti ya mwezi mzima isiyo na kikomo, huo ni usumbufu wa sekunde mbili. Kwa anayenunua bando la siku, mara nyingi ni kulipia ukurasa ule ule mara ya pili. RAM imeokolewa upande mmoja na MB za bando zimeondoka upande wa pili, na vipimo vya beta ninavyosoma huhesabu upande wa kwanza tu. Hapa kwetu Opera Mini ilipendwa kwa miaka kwa sababu ilizihesabu pande zote mbili: ukurasa ulipikwa kwenye seva zao, ukabanwa, ukaja mdogo kwa simu na mdogo kwa mfuko.

Kwenye simu za GB 2 hali ni mbaya zaidi, maana huko ni simu yenyewe inayokiua kivinjari kilicho nyuma. Mwaka jana mama yangu mdogo alikuwa akijaza fomu kwenye tovuti moja. Akafika mahali pa kuandika namba ya uthibitisho, akaenda kuisoma kwenye ujumbe mfupi, akarudi. Ukurasa ukaanza upya, fomu tupu, namba imekufa. Alirudia mara tatu. Kisha akaniita: "Hamisi mwanangu, njoo unisaidie, mimi simu hizi zimenishinda." Hakukosea hata hatua moja. Tuliimaliza kwa kusomea ujumbe kwenye simu yake na kujazia fomu kwenye yangu, na hadi leo anaamini kosa lilikuwa lake. Ndivyo lawama inavyoshuka. Programu inalemea, fundi anasema kompyuta imechoka, na mwenye mashine anaondoka akijiona mjinga au maskini.

Beta ndiyo dirisha pekee ambalo sauti ya mama yangu mdogo inaweza kupita kabla mambo hayajafungwa, na dirisha hilo liko wazi kwetu kama kwa mtu wa California. Chrome Beta na Firefox Beta zinapatikana Play Store bure, na zinakaa kwenye simu kando ya kivinjari chako cha kawaida bila kukigusa. Wenye steshenari, walimu wa kompyuta, vijana wa vyuo wenye mashine za GB 2 na GB 4: zijaribuni kwenye mashine hizo hizo, si kwenye ile nzuri ya kuazima. Msipime dakika ya kwanza, kwa sababu kivinjari chochote kikiwa kimefunguliwa sasa hivi huwa na adabu. Kiacheni wazi siku nzima ya kazi, fungueni kurasa mnazozitumia kweli, zifungeni, subirini kidogo, kisha mtazame kama RAM imerudi. Kwenye Firefox ya kompyuta andikeni about:memory pale pa anwani, kwenye Chrome ya Windows bonyezeni Shift na Esc kwa pamoja. Zimeni viendelezi kwanza, mjue mnayemlaumu. Angalieni na bando limepungua kiasi gani.

Mkikuta kasoro, ripotini, Kiingereza kikiwa kibovu kiasi chochote kile. Mstari wa kwanza wa ripoti andikeni mashine yenu ina GB ngapi.