Malindi isikae ikimngoja Mtaliano

Soko la nyumba za likizo kati ya Malindi na Watamu limeanza kupumua tena. Simu za mabroka zinalia, mafundi wa makuti wana kazi, na Jumamosi utaona magari ya watu wa Nairobi yakipunguza mwendo mbele ya mageti yaliyobandikwa tangazo la kuuza. Sasa uliza ni nyumba ngapi zimeuzwa kweli, pesa zikalipwa na hati ikahamishwa jina. Hapo mazungumzo hupoa.

Wenye nyumba watakwambia wanunuzi hawapo. Sisi tunasema wapo, ila si wale wanaongojwa. Mji mzima, kuanzia mwenye nyumba hadi ofisi za kaunti ya Kilifi, umejipanga kumpokea mnunuzi mmoja tu: Mtaliano mwenye yuro zake, halipi kwa mkopo, haulizi sana, na Aprili mvua zikianza anarudi kwao. Mnunuzi huyo hayuko njiani.

Zamani alikuja, na alianza kuja kwa sababu ambayo hakuna mpangaji wa utalii angeibuni. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa Italia waliweka majukwaa ya kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na satelaiti yao ya kwanza kurushwa kutoka hapo ilipaa Aprili 1967. Wahandisi wakaita jamaa, jamaa wakaita marafiki, na hatimaye mji mdogo wa Waswahili na Wagiriama ukawa na aiskrimu na piza kuliko miji mingi inayouzidi ukubwa, na vijana wa ufuoni wakawa wanabishana bei kwa Kitaliano. Nyumba zikajengwa: kuta nyeupe, boriti za mikoko, paa refu la makuti, kidimbwi cha kuogelea mbele. Hatumbezi mtu hapa. Familia nyingi za Malindi zimesomesha watoto kwa mishahara ya nyumba hizo.

Kisha mapigo yakafuatana. Mwaka 2011 mgogoro wa madeni ya nchi za yuro ulipamba moto, na mwisho wa mwaka huo serikali ya Roma ikaweka kodi kwa kila nyumba ambayo mkaazi wa Italia anamiliki nje ya nchi: asilimia 0.76 ya thamani, kila mwaka, iwe inakaliwa au imefungwa. Tangu 2024 kodi hiyo ni asilimia 1.06. Mwaka huohuo wa 2011 watekaji walivamia Kiwayu, kisha Manda, huko Lamu. Septemba 2013 likaja shambulio la Westgate jijini Nairobi. Mei 2014 watalii wa Uingereza waliondolewa Mombasa kwa ndege kabla likizo zao hazijaisha, na mwezi uliofuata Mpeketoni ikashambuliwa. Mji ulipoanza kuinua kichwa, Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa hadi Agosti, na Kilifi ikawa miongoni mwa kaunti za kwanza kupigwa marufuku watu kuingia na kutoka.

Kwa hesabu ya watalii, nchi imeshapona. Wageni waliofika Kenya mwaka 2024 walikaribia milioni 2.4, wakiwapita wale wa 2019. Malindi haikupona pamoja na nchi, na sehemu ya sababu ni barabara. Anayeteremka treni Miritini akielekea Diani sasa anakatisha kwa Dongo Kundu bila kugusa feri ya Likoni. Anayekwenda Malindi ana takriban kilomita 120 mbele yake, na foleni ya Mtwapa katikati. Barabara hiyo inapanuliwa, ndiyo, ila waliokwama humo Ijumaa jioni wanajua upanuzi wenyewe ni sehemu ya foleni. Upanuzi wa uwanja wa ndege wa Malindi nao umeahidiwa na serikali zaidi ya moja.

Wakati huo wote nyumba haingoji. Pwani haina huruma na nyumba iliyofungwa. Msimu wa kwanza bawaba zinashika kutu na kufuli la geti linafunguka kwa kugongwa nyundo. Msimu wa pili makuti yanakuwa meusi, popo wanahamia, na maji ya mvua yanapata njia yake mpaka kwenye boriti. Pampu inakufa, kidimbwi kinageuka kijani, vyura wanazaana. Aliyebaki ni askari na shamba boi, wakingoja mshahara unaotumwa kutoka ng'ambo, mwezi huu ufike, mwezi ujao usifike. Paa la makuti lenyewe, hata likitunzwa, hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Mwenye nyumba anayengoja bei ipande anangojea ndani ya mali inayooza.

Hata hivyo bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni ileile ya zamani, tena kwa yuro au dola. Hili ndilo jambo la kwanza tunalotaka liachwe. Anayepiga simu leo analipwa kwa shilingi: daktari wa Nairobi, mfanyabiashara wa Mombasa, Mkenya aliyezoea kufanya kazi kwa kompyuta akiwa Watamu tangu wakati wa korona. Chukua nyumba iliyotangazwa kwa dola 200,000. Mwanzoni mwa 2024, dola ikiwa imepita shilingi 160, nyumba hiyo ilikuwa zaidi ya milioni 32. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa milioni 26, tundu la paa likiwa lilelile. Mtu gani mwenye akili timamu atasaini mkataba wa awamu kwa bei inayocheza milioni sita bila yeye wala nyumba kufanya lolote? Na atalipa kwa awamu, kwa sababu mkopo wa benki si wa kutegemea kwa nyumba ya kustarehe. Riba ya Benki Kuu iligonga asilimia 13 Februari 2024. Imeshuka tangu hapo, lakini anachotozwa mkopaji hakikuteremka kwa kasi hiyo.

Bei iandikwe kwa shilingi, na iandikwe ya leo. Mwenye nyumba aliyenunua ghali mwaka 2008 ana haki ya kusikitika. Hana haki ya kudai kwamba huzuni yake ni thamani ya soko.

Jambo la pili ni hati, na hapa ndipo mauzo mengi hufia. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 inasema wazi: asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Aliyekuwa na milki ya daima siku hiyo, milki yake iligeuka kuwa ya miaka 99. Miaka hiyo imeshaanza kuhesabiwa. Bado utakuta tangazo, mwaka huu, likimwahidi mnunuzi milki ya daima kutoka kwa muuzaji ambaye kisheria hana tena. Broka anajua au hajui, yote mawili ni mabaya.

Kuna na mchezo wa kampuni. Nyumba nyingi za ufuoni ziliandikishwa kwa jina la kampuni, na mnunuzi huambiwa asihangaike kuhamisha hati, anunue hisa tu, mambo yaishe. Yanaweza kuishia pabaya. Anayenunua hisa amenunua na madeni: kodi ambazo hazikulipwa, mishahara ya wafanyakazi, kesi iliyolala mahakamani. Katiba hiyohiyo inaihesabu kampuni kuwa raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu, kwa hivyo hisa kumi za rafiki wa kigeni zinatosha kubadilisha kila kitu. Naye mgeni anayetaka ardhi ya safu mbili za kwanza kutoka baharini anahitaji idhini ya serikali kabla hajanunua, tangu sheria ya ardhi iliporekebishwa 2016. Haya si siri. Wakili mzuri huyaona siku ya kwanza anapofungua faili. Tatizo ni kwamba wateja wengi huwa wamekwisha kutoa arbuni, na broka amekwisha kula kamisheni.

Kodi nazo zimebadilika. Kodi ya faida ya mauzo ilirudishwa 2015 kwa asilimia 5 na tangu 2023 ni asilimia 15. Muuzaji anaikwepa kwa kuandika bei ya chini kwenye mkataba na kupokea iliyobaki pembeni, mara nyingi huko Ulaya. Mnunuzi anayekubali anajitega mwenyewe: siku atakayouza yeye, faida yake itapigiwa hesabu kutoka ile bei ya uongo.

Kaunti ya Kilifi ina kazi yake katika haya, tena inaweza kuifanya bila kungoja Nairobi. Nyumba haiwezi kuhamishwa jina bila cheti kwamba kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa. Kwa nyumba iliyofungwa miaka kumi, deni limelala hapo na riba juu yake imenona kuliko deni lenyewe. Kaunti ifute riba kwa muda maalumu, miezi sita kwa mfano, na deni lenyewe lilipwe lote hadi senti ya mwisho. Muda ukiisha, mwenye nyumba asiyelipa na asiyepatikana apelekwe mahakamani na mali iuzwe, kama sheria inavyoruhusu. Kuna wanaosema hatua hiyo itawafukuza wawekezaji. Mwekezaji gani? Yule ambaye geti lake halijafunguliwa tangu Westgate?

Nyumba zisizouzika zipangishwe, na kwa mwaka mzima, si kwa wiki mbili za Krismasi. Hapa pana kikwazo ambacho Bunge lilikiweka labda bila kufikiria Malindi. Mkaazi wa Kenya anayepangisha nyumba ya kuishi hulipa kodi ya asilimia 7.5 ya pango, ilimradi mapato yake ya pango kwa mwaka hayapiti shilingi milioni 15. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30. Ndiyo maana wengi huona afadhali nyumba ilale, au hupangisha kimyakimya kupitia shemeji wa askari. Kiwango hicho kikiteremshwa kwa wanaopangisha mwaka mzima, Hazina itapata kitu pale inapopata hewa sasa.

Tusimsahau askari mwenyewe. Nyumba zinapouzwa, mara nyingi yeye hupata habari siku mnunuzi anapokuja na kufuli jipya. Miaka minane ya kulinda, mwaka wa mwisho bila mshahara, na anayemdai yuko Milano. Mkataba wa mauzo uwe na kipengele kimoja zaidi: wafanyakazi wamelipwa malimbikizo na kiinua mgongo chao, pesa zikitolewa kwenye bei kabla muuzaji hajalipwa. Mnunuzi asiyejali haki ajali basi usalama wake, maana anayejua kila upenyo wa ua huo ni yuleyule aliyefukuzwa bila senti.

Lipo pia la ardhi tupu, ambalo ni refu kuliko nafasi tuliyonayo. Ukanda huu ulisajiliwa kwa sheria ya 1908 iliyowaacha wenyeji wengi bila karatasi, na wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota leo. Kila soko linapoinuka, ploti walizolima huuzwa juu ya vichwa vyao. Anayenunua ploti ya bei ya kutupa akakuta minazi imepandwa kwa mistari na makaburi chini ya mbuyu ameshaambiwa kila alichohitaji kuambiwa.

Njia za kuingilia baharini zilizozibwa kwa kuta ni jambo jepesi zaidi. Katiba inasema ardhi kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, lakini ufuo wa umma usio na njia ya kuufikia ni wa mwenye ukuta. Wavuvi wanazunguka mbali kufika dikoni kwao, na mgeni aliyepanga nyumba ya safu ya tatu kwa sababu aliahidiwa bahari hageuki kuwa mnunuzi. Ramani za upimaji zinaonyesha njia hizo zilipopita. Kaunti izifungue wakati huu wa mauzo machache, kuta zikiwa hazina mtu wa kuzitetea, kabla msimu wa kaskazi haujaleta wenye mawakili.